Kambi ya Askari Iliyogeuka Mtaa

Wiki hii twende safari ya mbali kidogo, mpaka pembe ya kusini-magharibi ya Ujerumani, katika mji uitwao Freiburg. Mji huu uko karibu na mipaka. Ng'ambo ya mto Rhine ni Ufaransa, na Uswisi haiko mbali; mtu akipanda treni katika mji wa Basel hafikishi saa moja kabla ya kushuka Freiburg. Upande wa mashariki yainuka milima ya Msitu Mweusi, iliyofunikwa na misonobari hata kwa mbali yaonekana kama wingu la mvua. Wakazi wa mji ni zaidi ya 230,000. Kanisa lake kuu lina mnara wa mita 116, uliokamilika yapata mwaka 1330, nao ndio alama ya mji. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1944 mabomu ya vita yalibomoa nyumba karibu zote zilizolizunguka kanisa, lakini mnara ulibaki umesimama. Tena ndiko yaliko makao makuu ya Caritas ya Ujerumani, shirika ambalo jina lake si geni katika parokia zetu.

Lakini leo hatuendi kutazama kanisa kuu. Twaenda kutazama mapipa ya takataka, na kuta za nyumba, na mahali watu wanapoweka motokaa zao. Msicheke! Mambo hayo matatu yameleta Freiburg wageni kutoka pande zote za dunia, mameya, wajenzi na walimu, kila mmoja na daftari lake mkononi.

Mtaa wenyewe huitwa Vauban. Jina ni la Kifaransa, na sababu yake mtaijua baadaye. Ukipanda tramu katikati ya mji, baada ya robo saa hivi umefika. Reli imelazwa katika majani mabichi, kwa hiyo tramu yaonekana kama kwamba yateleza juu ya bustani. Ukishuka, masikio yako ndiyo yatakayoshangaa kwanza. Hakuna ngurumo. Zasikika sauti za watoto, kengele za baisikeli, na mahali fulani mtu anagonga msumari. Ingia katika njia yo yote kati ya zile zipitazo baina ya nyumba: hutaona motokaa imesimama mlangoni mwa mtu. Watoto wamechora kwa chaki katikati ya barabara, na mpira ukivingirika hakuna mama anayepiga kelele dirishani. Motokaa yaweza kuingia kushusha gunia la viazi au kumchukua mgonjwa, tena kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Ikimaliza kazi hutoka.

Basi motokaa ziko wapi? Zimewekwa pembezoni mwa mtaa, katika majumba mawili ya ghorofa yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Mwenye motokaa hununua nafasi yake humo, na bei yake si mchezo, zaidi ya euro 15,000. Kisha kila siku hutembea kwa miguu kutoka hapo mpaka kwake, kama jirani yake anavyotembea kutoka kituo cha tramu. Hapo ndipo wengi walipoanza kujiuliza kama motokaa wanaihitaji kweli. Hesabu za mtaa zaonyesha kwamba kwa kila watu 1,000 motokaa hazifiki 200, ingawa Wajerumani kwa jumla ni watu wanaoipenda motokaa kama Mmasai apendavyo ng'ombe.

Mwanzoni jambo hilo liligongana na sheria. Sheria ya jimbo ilitaka kila nyumba mpya iwe na mahali pa motokaa, mwenyewe awe nayo au asiwe nayo. Watu wakakuna vichwa. Mwishowe waliunda chama, na chama kikashika kiwanja tupu ukingoni mwa mtaa kiwe akiba, ili siku moja watu wakizidi kununua motokaa liweze kujengwa jumba jingine hapo. Familia isiyo na motokaa hutia sahihi kwamba haina, nayo hulipa fungu lake la kiwanja kile. Kwa namna hiyo sheria imetimizwa, na gharama ya jumba la motokaa imeepukwa. Ni werevu wa kisheria, lakini nadhani ndio uliouokoa mtaa mzima. Wala msidhani hapana ugomvi. Wapo waliotia sahihi, kisha wakaificha motokaa katika mtaa wa jirani, na majirani wakajua, kwa maana majirani hujua kila kitu.

Sasa mtauliza, kwa nini jambo hili lilianzia hapa, wala si katika miji mikubwa kama Berlin au Hamburg? Kulijibu yatupasa kutoka mjini, twende mashambani.

Kaskazini-magharibi ya Freiburg, kando ya mto Rhine, kuna kijiji cha Wyhl. Watu wa upande ule ni wakulima wa mizabibu, na wengi wao ni Wakatoliki wa tangu zamani. Katika miaka ya 1970 serikali ya jimbo iliazimia kujenga hapo mtambo wa umeme wa nguvu za atomiki. Wakulima waliogopa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa la kikulima kabisa: mvuke utokao katika minara ya kupozea maji ungeleta ukungu, nao ukungu ungeiharibu mizabibu yao. Walipeleka barua, walikwenda mikutanoni, wakaambiwa wakae kimya, wataalamu wanajua. Mwezi Februari 1975 matingatinga yalipoanza kukata msitu, wanakijiji waliingia na kukaa mbele yake, wake kwa waume. Siku mbili baadaye polisi waliwaondoa kwa mabomba ya maji, wakati wa baridi kali. Jumapili iliyofuata, tarehe 23 Februari, watu zaidi ya 20,000 walikusanyika, nao wakaingia tena msituni. Kwa lahaja yao walisema, "Nai hämmer gsait", maana yake, "Tumekwisha sema hapana."

Walikaa msituni miezi mingi. Akina mama walipika, wakulima walibadilishana zamu kati ya shamba na msitu. Wakajenga nyumba kubwa ya mbao, na humo wakaanzisha shule ya watu wazima. Jioni baada ya kukamua ng'ombe mkulima alikuja kukaa juu ya benchi, akasikiliza jinsi umeme unavyotengenezwa na kwa nini nyumba inapoteza joto. Mtambo haukujengwa kamwe. Mahali pale leo ni msitu uliohifadhiwa.

Lakini hoja moja iliwakaa moyoni: tukikataa mtambo, umeme tutautoa wapi? Mtu wa haki hawezi kukataa ugali kisha asiseme atakula nini. Basi katika mji wa Freiburg watu walianza kuitafuta njia. Mwaka 1977 ilianzishwa huko taasisi ya kuchunguza mambo ya mazingira, iitwayo Öko-Institut. Mwaka 1981 ikafuata taasisi kubwa ya elimu ya nguvu za jua. Mwaka 1986 mtambo wa atomiki wa Chernobyl ulipolipuka, na upepo ukaleta sumu yake hata Ujerumani ya kusini, baraza la mji lilifanya mpango wake: kwanza kutumia umeme kidogo, pili kuutumia kwa akili, tatu kuutoa katika jua, upepo na miti. Na mwaka 1992 wakaweka sharti zito: mtu ye yote anunuaye kiwanja kwa mji, nyumba yake isile joto zaidi ya kipimo kilichowekwa.

Mwaka huohuo, 1992, jeshi la Ufaransa liliondoka. Hapo ndipo jina la Vauban linapoingia. Kambi ile ilijengwa na jeshi la Ujerumani la wakati wa Hitler, katika miaka ya 1930. Baada ya vita ilishikwa na Wafaransa, nao wakaipa jina la Vauban, mjenzi mashuhuri wa ngome za mfalme wao Louis wa 14. Walipofunga mizigo waliacha hekta 40 hivi za kambi, ndani ya mji wenye shida kubwa ya nyumba.

Watu maskini na wanafunzi waliwahi. Kundi moja liitwalo SUSI lilipata majengo manne ya askari, likayakarabati kwa mikono yao wenyewe, kwa mbao na milango iliyokwisha kutumika mahali pengine, na kodi ikawa ndogo. Majengo mengine yalifanywa mabweni ya wanafunzi. Hiyo ndiyo takataka kubwa kuliko zote iliyookolewa mtaani, nyumba nzima nzima, ambazo zingebomolewa na kuwa vifusi. Mimi napenda kulisema hili kwanza kabla ya kufika kwenye mabamba ya jua, kwa sababu wageni wengi huyapiga picha mabamba, wakazipita nyumba za SUSI kwa kuwa zimechakaa rangi.

Sehemu iliyobaki iligawanywa viwanja. Hapa mji ulifanya jambo lisilo la kawaida. Haukumwuzia tajiri mmoja eneo lote ajenge na kuuza. Viwanja vilikatwa vidogo vidogo, na familia ziliruhusiwa kuungana, tano, kumi au kumi na tano, zikanunua pamoja, zikamwajiri fundi mchoraji mmoja, zikajenga jengo moja la ghorofa. Kila jioni kulikuwa na mkutano. Ngazi iwe ndani au nje? Kila nyumba iwe na mashine yake ya kufulia, au moja kwa wote? Baisikeli zikae wapi? Chama cha wananchi kilichoitwa Forum Vauban kilizikusanya habari, kikafundisha, kikapeleka maneno ya watu kwenye baraza la mji. Miti mikubwa ya kambi haikukatwa, na nyumba zilipangwa kuifuata. Jumba la kulia chakula la maofisa lilitakiwa kubomolewa; wananchi walilitetea, na leo ndilo jumba la mikutano la mtaa, liitwalo bado kwa namba yake ya kambi, 037.

Nawasihi mwuangalie mpango huo. Watu walijuana kabla ya kuta kusimama. Tofali la kwanza lilipowekwa, walikuwa wamekwisha gombana na kupatana juu ya motokaa, mashine na mapipa. Katika miji mingi nyumba hujengwa kwanza, wageni wakaingia mmoja mmoja, kisha ndipo afisa wa serikali huja kuwabandikia matangazo ukutani, "Okoa umeme", "Usitupe ovyo". Matangazo ya namna hiyo nimeyaona mengi. Hayajanionyesha matunda.

Tuje sasa kwenye joto. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta twaweza kusahau kwamba huko Ulaya mtu aweza kufa kwa baridi chumbani mwake. Theluji huanguka, na tangu Oktoba mpaka Aprili nyumba lazima ipashwe joto. Wafikirieni kama watu ambao miezi sita mfululizo lazima wakeshe na moto wa kuni, ila kuni zao ni mafuta na gesi za kununua. Gharama ya kuni hizo hupita kwa mbali gharama ya taa.

Chukua chumba kimoja cha mita 4 kwa 5, yaani mita mraba 20. Katika nyumba za zamani za Ujerumani, kila mita mraba hula uniti 200 au zaidi kwa mwaka kwa kupasha joto tu. Lita moja ya mafuta hutoa uniti 10 hivi. Basi chumba kile hunywa lita 400, mapipa mawili makubwa ya mafuta, na ni chumba kimoja! Sharti la mji kwa nyumba za Vauban lilikuwa uniti 65 kwa mita mraba. Chumba kilekile kikashuka mpaka lita 130. Lakini baadhi ya vikundi vilivyoungana havikuridhika na hapo. Walijenga nyumba zilizo bora zaidi, za uniti 15 tu. Hesabu yake ni lita 30 kwa mwaka, ndoo moja na nusu.

Yawezekanaje? Siri yake mama wa nyumba aliyewahi kutumia jiko la kikapu ataifahamu mara moja. Unachemsha maharage yaliyolowekwa usiku, unaitoa sufuria motoni ikitokota, unaitia katika kapu lililojazwa majani makavu au matambara, unafunika na mto. Moto huna tena, lakini maharage yanaendelea kuiva, kwa sababu joto halina pa kutokea. Nyumba za Vauban ni makapu. Ukuta umevikwa blanketi nene kuuzidi urefu wa kiganja cha mtu. Dirisha lina vioo vitatu badala ya kimoja. Nyufa zote zimezibwa. Madirisha makubwa yametazama kusini, maana huko Ulaya wakati wa baridi jua hupita chini chini upande wa kusini, na miali yake huingia mpaka ukuta wa ndani. Wakati wa joto kali miti na vibaraza huizuia. Hewa safi huletwa na chombo ambacho hewa chafu inapotoka huiachia joto lake hewa mpya inayoingia, nazo hazichanganyiki. Joto lingine hutoka kwenye sufuria, taa na miili ya watu. Familia ya watoto wanne, nadhani, ina faida hapo!

Joto dogo linalohitajika zaidi ya hilo lilifanyiwa mpango wa pamoja. Badala ya kila nyumba kuwa na tanuru lake, mtaa ulijengewa mtambo mmoja wa kuchoma vipande vya miti, na maji ya moto yakasambazwa kwa mabomba chini ya ardhi. Mtambo kama huo hutoa umeme na joto kwa moto uleule mmoja.

Ng'ambo ya barabara kuu mna nyumba 59 za mchoraji Rolf Disch, zilizojengwa kati ya mwaka 2000 na 2005. Paa zake zote ni mabamba ya jua, nazo kwa mwaka mzima hutoa umeme mwingi kuliko zinaoutumia. Unaozidi huuzwa kwa kampuni ya umeme. Sheria ya nchi ya mwaka 2000 ndiyo iliyozilazimisha kampuni kuununua. Disch huyohuyo mwaka 1994 alijenga nyumba yake ya kuishi hapo karibu juu ya nguzo moja, nayo huzunguka polepole kulifuata jua kama alizeti. Wageni hushangaa sana mbele yake. Mimi naiona ni nyumba ya fundi ya kujaribia mambo. Zile 59, ambazo hazizunguki, zina habari kubwa zaidi kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida, ingawa bei zake nazo si za maskini.

Na takataka? Ingia jikoni mwa nyumba yo yote utaona vyombo vitatu au vinne chini ya karai. Maganda, majani ya chai na makapi ya mboga huingia chombo kimoja, kisha katika pipa la nje. Huchukuliwa kwenye mtambo, huko huvundikwa, gesi yake huchomwa kupata umeme na joto, na mabaki huwa mbolea. Karatasi zina pipa lao. Makopo, plastiki na pakiti huingia katika mfuko wa manjano. Chupa hupelekwa kwenye makasha makubwa ya barabarani, nyeupe mbali, kijani mbali, kahawia mbali. Wala usitupe chupa siku ya Jumapili, maana ule mlio wake utakuletea lawama za mtaa mzima. Kinachobaki, vumbi, nepi, kiatu kilichooza, ndicho huingia pipa la mwisho, nalo hulipiwa. Majirani wakikubaliana kutumia pipa moja pamoja, hupata nafuu. Anayetengeneza mboji bustanini mwake hupata nafuu. Hata mama anayemvika mtoto nepi za kitambaa badala ya zile za kutupa, mji humrudishia kiasi cha fedha. Nepi za kufua, ndugu zangu, ambazo bibi zetu walizifua mtoni bila kulipwa senti!

Chupa za vinywaji huwekewa amana. Sisi twaijua habari hiyo tangu zamani: ukienda dukani kununua soda bila chupa tupu, mwenye duka hukutazama. Huko chupa ya bia ina amana ya senti 8 za euro, na chupa ya plastiki au kopo la kutupa senti 25, kwa sheria iliyoanza mwaka 2003. Chupa haikai barabarani nusu siku. Lakini hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo. Wanaoziokota mara nyingi ni wazee wenye pensheni ndogo, wapitao jioni na mfuko, wakichungulia mapipa katika nchi tajiri. Watu wengine, kwa wema, huiacha chupa yao kando ya pipa, isiwe lazima mzee aingize mkono.

Mwaka 2016 mji ulianza mpango wa vikombe vya kahawa. Badala ya kikombe cha karatasi kinachotupwa baada ya dakika kumi, mtu alipewa kikombe kigumu kwa amana ya euro 1; alikirudisha katika duka jingine lo lote lililokuwa katika mpango, kikaoshwa.

Hata hivyo, kupanga takataka katika mapipa manne si sawasawa na kutokuwa na takataka. Ujerumani, pamoja na ustadi wake wote wa kupanga, hutupa pakiti na vifungashio zaidi ya kilo 200 kwa kila mtu kwa mwaka, wingi ambao ni nchi chache za Ulaya zinazoukaribia. Mfuko wa manjano unapojaa, moyo hutulia, na kesho yake mtu hununua tena. Katika vijiji vyetu maganda ya ndizi huliwa na mbuzi, majivu hutiwa chooni au shambani, gunia likichanika hufanywa kamba. Kilichotuharibia ni plastiki, iliyotujia bila mbuzi wa kuila. Rwanda iliizuia mifuko yake mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara na pwani yake tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa ya maji ya plastiki bado haina amana dukani mwetu, nayo tunaiona mitaroni kila mvua inyeshapo. Kwa jambo hilo moja, naona Wajerumani wametupita, na ni jambo lisilohitaji mtambo wo wote.

Siku ya Jumatano alasiri mbele ya jumba 037 hufanyika soko la wakulima. Mboga zatoka vijiji vya jirani, jibini zatoka milimani, na zabibu, msimu wake ukifika, zatoka upande uleule wa Wyhl. Watu huja na vikapu na mifuko ya nguo. Hakuna anayewalazimisha, ni aibu tu kuja mikono mitupu ukaomba mfuko. Aibu ya majirani ni askari asiyelipwa mshahara.

Lakini kuna upande mwingine ambao wageni wenye madaftari hawaonyeshwi sana. Mtaa uliofanikiwa hupanda bei. Walioungana kujenga mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa walimu, wauguzi, vijana wenye watoto wachanga. Leo kijana mwenye kazi kama zao hawezi kwa urahisi kununua nyumba humo. Mwanzoni mwa mtaa palikuwa na kiwanja ambapo watu wasio na nyumba, pamoja na vijana wapendao maisha ya namna hiyo, walikaa katika magari ya mbao na mahema. Mwezi Agosti 2011 polisi waliwaondoa. Majirani waligawanyika: wengine walisema sheria ni sheria, wengine waliona haya, wakikumbuka kwamba mtaa wenyewe ulianzishwa na watu walioingia kambini na magodoro yao. Kiwanja kile sasa kina hoteli, nayo, kwa haki tuseme, imewaajiri watu wenye ulemavu. Walioondolewa walikwenda kwingine.

Shida ya nyumba haikwisha Freiburg. Kwa hiyo mji uliamua kujenga mtaa mwingine mpya, mkubwa kuliko Vauban mara mbili na zaidi, mahali paitwapo Dietenbach: nyumba 6,900 hivi kwa watu 16,000, na nusu yake zimekusudiwa ziwe za kodi nafuu. Mafunzo yote ya Vauban yameandikwa katika mpango wake. Ila Dietenbach si kambi tupu. Ni mashamba. Wenye mashamba walipinga, na tarehe 24 Februari 2019 mji wote ulipiga kura. Asilimia 60 walisema na ujengwe. Mwaka 2024 sherehe ya kuanza ujenzi ilifanyika, na Waziri Mkuu wa nchi alikuwako. Kati ya waliosema hapana walikuwamo wakulima, ambao ardhi yao ni ileile iliyowapa watu wa mji viazi na mahindi, na ambao baba zao waliwahi kuonyesha, kule Wyhl, kwamba mkulima akikataa huwa ana sababu.

Tramu ya kwenda Dietenbach imo katika mpango, nayo italazwa reli zake juu ya majani mabichi, kama ile ya Vauban.